Kunusa Baruti ya Marehemu

Baba yangu hana pua. Anayo, tena kubwa, na mimi nimerithi hiyo hiyo, ila yake haifanyi kazi. Miaka yote niliyokuwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma na bibi, yeye alikuwa kwenye kiwanda kimoja cha Wetherill Park, Sydney, anapulizia rangi makabati ya chuma. Barakoa zilikuwepo, anasema, lakini joto likizidi unaivuta chini ya kidevu ili upate kupumua. Halafu siku moja maharage yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi nje na ndani, na yeye amekaa jikoni hapo hapo anaangalia mpira. Jirani ndiye aliyegonga dirisha. Ndiyo siku aliyojua.

Kwa hiyo nilipofika Australia, kazi yangu ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa mashine ya kufulia, ilikuwa kunusa. Maziwa. Nyama iliyolala kwenye friji. Shati la kanisani, kama litavalika tena au lifuliwe. Anakuja nacho hicho kitu mpaka mlangoni kwangu, ananyoosha mkono, anasema, "Nusa." Nanusa. Nasema "nzuri" au nasema "mbaya". Anaondoka. Kuna siku hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu yote mpaka kulala.

Simlaumu. Aliondoka mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mama alikufa kabla sijajua uso wake vizuri. Baba kwangu alikuwa sauti ya kwenye simu ya bibi, sauti inayocheka sana na kuuliza kama nimekula. Mtu niliyemkuta uwanja wa ndege wa Sydney hakuwa anacheka. Alinishika mkono kama wanavyoshikana wanaume, akabeba begi langu, na ndani ya gari akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Tukafika Quakers Hill bila neno lingine.

Asubuhi namwamkia "Shikamoo Baba," kama bibi alivyonilea. Yeye ni mtu wa Kivu, shikamoo kwao hakuna. Anajibu "Eeh, bonjour," anavaa viatu vyake vyenye chuma mbele, anakwenda zake.

Shuleni ni hivyo hivyo, ila kuna kelele zaidi. Wenzangu Waafrika wanaelewa Kiswahili, wanajibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chao kina mbio. Mimi mpaka nimalize kuipanga sentensi yangu kichwani, wao wameshacheka na kuhamia jambo lingine, na sentensi inabaki mdomoni kama pipi isiyo na ladha. Sasa nakula chakula changu karibu na mabomba ya maji, upande wa kivuli. Hakuna anayenifukuza pale. Hakuna anayenifuata pia.

Lakini kulikuwa na Jumamosi.

Jumamosi Baba alikuwa anafungua mlango wa gereji mpaka juu, anawasha jiko la gesi, anaweka juu yake chungu cha chuma, na kuyeyusha madini ya risasi. Madini yenyewe ni vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Fundi wa matairi wa Seven Hills alikuwa anamwekea kwenye ndoo. Yakishayeyuka yanang'aa kama kioo, na Baba anayachota kwa upawa, anamimina kwenye kalibu, anagonga, anafungua, na vichwa vya risasi vinaangukia kwenye taulo lenye maji. Tss. Tss. Kisha kuna maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, ambayo mtu unayasafisha na kuyajaza upya: fataki ndogo ya kuwashia chini, baruti katikati, kichwa juu. Hapo una risasi uliyoitengeneza mwenyewe, ya kupigia shabaha za karatasi kwenye klabu ambayo mfanyakazi mwenzake wa kiwandani alimpeleka zamani akiwa hana pa kwenda wikendi. Leseni anayo, sefu la bunduki limefungwa ukutani kwa nondo, na funguo anajua yeye zinakokaa.

Kanisani wanamcheka. Kuna mama mmoja, Mrundi, anafanya kazi ya kutunza wazee, mdomo wake haujui foleni. Siku moja baada ya ibada, tumeshika vikombe vya chai, akasema mbele ya watu wote, "Jamani, huyu baba yako! Sisi wote tumekimbia risasi, yeye anazipika kama maharage!"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Na mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha, halafu nikaenda chooni nikakaa kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilimuuliza. Nilimuuliza kwa sababu gerejini ndiko kulikoulizika. Baba ni mtu wa kuongea mikono ikiwa na kazi. Ukimkalisha kwenye kochi anakuwa kochi. Nikamwambia, "Baba, kwani kwa nini unapenda hivi vitu?"

Akagonga kalibu. Akafungua. Tss.

"Kule risasi zilikuwa za watu wengine," akasema. "Haujui imetoka wapi, haujui inaenda kwa nani. Hii mimi najua. Imetoka kwa gurudumu ya Toyota, inaenda kwa karatasi." Akafikiri kidogo. "Na huyo mama wa kanisa, maharage yake hayaivi. Nimeshakula kwake."

Kazi yangu ilikuwa kuchambua. Kichwa chenye mikunjo kinarudi chunguni, kilicho laini kinaingia kwenye kopo la mtindi. Sheria zilikuwa hizi: mlango wazi, hakuna kula humo ndani, mikono inaoshwa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na baruti ikiwa mezani hakuna kuongea wala moto. Lakini kabla ya baruti na baada yake, aliongea. Aliniambia mama alikuwa akicheka anafunga macho. Aliniambia siku nilipozaliwa mvua iling'oa bati la kliniki na mkunga akaendelea tu, amejifunika kanga kichwani. Vitu ambavyo bibi hakuwahi kunisimulia. Nilikuwa naokota maneno yake kama vile vichwa, nayaweka upande wa laini.

Na Jumamosi nyingine tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha. Mimi sipigi, nashika darubini. Risasi ikitoboa karatasi namwambia imetua wapi kwa kufuata saa: "Saa tisa, nje kidogo." Wazee wa Kizungu wa pale, waliokwisha kuniuliza maana ya tisa, walikuwa wanachungulia kwenye darubini zao, wanaona tundu liko upande wa namba tatu, maana saa tisa yetu kwao ni saa tatu, wanashangaa baba na mwana wanaelewana vipi. Nilipenda hilo. Kulikuwa na saa moja duniani ambayo tulikuwa tunaisoma sisi wawili tu.

Halafu baruti ikaadimika. Sijui sababu zote. Baba alisema vita za mbali, viwanda vinapeleka kwa majeshi kwanza. Dukani rafu zilikuwa tupu, na muuzaji anasema labda mwezi ujao, na mwezi ujao anasema vile vile. Mkebe wa Baba ukaanza kulia ukiutikisa, kama kibuyu. Akapunguza. Risasi chache, Jumamosi fupi. Mwisho akaninyooshea mkebe mtupu, nikadhani ananiambia ninuse, kumbe ananionyesha.

"Hakuna kazi leo," akasema.

Akaenda kukaa kwenye kochi. Nikarudi chumbani. Nilisikia televisheni mpaka jioni, watu wanapika keki kwa kushindana, na najua Baba hajali keki. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo. Na nyingine. Shikamoo, bonjour, nusa maziwa. Nilianza kuwaza kwamba labda ningebaki Kigoma upweke wangu ungekuwa mdogo kuliko huu, maana kule sikuwa na mtu wa kumngoja.

Ndipo mtu mmoja wa klabu akampigia simu. Mwanachama mmoja mzee alikuwa amekufa, mjane wake anaishi Seven Hills na anataka banda la mume wake liondolewe vitu. Kulikuwa na mikebe ya baruti, ya zamani, mabaki ya jeshi ambayo wazee walikuwa wananunua kwa wingi enzi zao. Aina ile ile, akasema, inayosukuma polepole, inayokubaliana na kichwa cha kumiminwa bila kukiyeyusha. Baba ana karatasi zake za ruhusa, basi aende akachukue.

Baba akasimama katikati ya sebule. "Vaa kitenge," akaniambia.

Tulipita dukani kwanza. Akanunua sukari, mchele na majani ya chai. Nikamuuliza, "Baba, tunakwenda kuchukua baruti au tunakwenda matanga?"

"Yote mbili. Hauwezi kuchukua kitu ya marehemu bila kukaa kwake."

Yule mjane alikuwa ameshaweka boksi barazani, karibu kabisa na geti, ili tusisumbuke. Alikuwa na buti za mpira na glavu za bustani, mbwa mdogo nyuma yake. Akatuonyesha kwa kidole. "Ni hizo hapo, mpenzi, chukueni tu." Hapa wanawake wazee wanaita kila mtu mpenzi.

Baba akavua viatu. Akampa mfuko wa sukari na mchele kwa mikono miwili, akampita mlangoni akiwa ameinama, akaenda kukaa ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti, kichwa chini. Nikakaa karibu naye vile vile. Na tukanyamaza, kama inavyotakiwa.

Mjane alibaki amesimama na kilo zake za mchele. Akaniangalia. Mimi ndiye mkalimani, lakini kukaa kimya hakuna tafsiri yake, nilitazama zulia. Alipoona hatusemi akaniuliza polepole, "Kuna kitu kingine anahitaji?"

"Baba, anauliza kama kuna kitu kingine."

"Mwambie pole."

Nikamwambia samahani, kwa sababu neno la pole sikulipata. Akauliza, "Samahani ya nini? Amefanya nini?"

Nikasema, kwa ajili ya mume wako. Akasema, "Oh. Lakini hiyo ilikuwa mwaka jana, mpenzi." Baba hakuinua kichwa. Kwake yeye mwaka jana au jana, tulikuwa hatujaja.

Akachemsha maji. Akatupa chai. Akasimama tena, akasogeza picha kabatini, akamwambia mbwa kitu. Sisi tumekaa. Nilitamani zulia linimeze. Ndipo, nadhani kwa kuchoka, akavua glavu, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Baada ya muda akaanza kusema. Kwamba kiti hicho alichokikalia ndicho kilikuwa cha mume wake, na hajakikalia tangu siku ile. Kwamba mume wake akitoka kule bandani ilikuwa lazima avue shati mlangoni, maana alikuwa ananuka. Kwamba watu wa klabu wamekuja mara nyingi kuulizia vitu na kila mmoja alikuwa na haraka. Baba nusu yake hakuielewa, lakini alikuwa anaitikia "Eeh" mahali panapotakiwa hasa, na mama yule akalia kidogo, akacheka, akajifuta kwa glavu yenye udongo, akacheka tena.

Tulipoinuka akatusindikiza mpaka kwenye boksi. "Hutaki kufungua uangalie kabla hujachukua?" akamuuliza Baba. "Maboksi mengine ya baruti bado yako nyuma bandani. Kuna wanaume wanakuja Jumapili kuyachukua."

Baba akashtuka kama ameambiwa avue suruali. "No, no. All good. Thank you, Mama."

Ndani ya gari nikamuuliza, "Mbona hukufungua?"

"Mtu anakupa kitu ya bwana yake, unafungua mbele yake unanusa kama unanunua samaki?"

Halafu akaanza kupiga mluzi. Sikujua kama anajua kupiga mluzi. Akaniambia wiki ijayo tutamimina vingi, nyingine tutakwenda uwanjani mapema tupate meza ya kivulini, na mimi naweza kuomba kibali cha vijana nikitaka, na nikiogopa pia si neno, darubini ni kazi ya heshima. Kutoka Seven Hills mpaka nyumbani si mbali. Nilitamani taa zote ziwe nyekundu.

Gerejini akaufungua mkebe wa kwanza kwa bisibisi. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Akaunyoosha kwangu.

"Nusa."

Baruti nzuri naijua. Ina ubaridi fulani, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na utamu kwa mbali. Nilishawahi kuinusa mikebe yake yote. Nikainama na kuvuta.

Ilinipiga. Ilikuwa kali, chachu, kama siki iliyomwagikiwa na betri iliyooza, na ikaniingia kooni nikakohoa. Chini ya kifuniko kulikuwa na vumbi jekundu, rangi ya barabara ya kambini.

Baba aliliona lile vumbi na yeye. Akalifuta kwa kidole. "Hiyo ni kutu ya mukebe tu. Mukebe ni ya zamani." Hakuwa ananiangalia. "Nusa tena."

Nikanusa tena, kwa sababu aliniambia, lakini nilikuwa nimeshajua. Na yeye, nadhani, alikuwa ameshajua nusu, maana aliwahi kunifundisha mwenyewe: vumbi jekundu, harufu chachu, usiiguse. Baruti iliyoharibika haisemi itafanya nini ndani ya bunduki, na kichwa cha anayepiga kiko karibu nayo kuliko karatasi. Lakini alikuwa ananyoosha mkebe vile, kopo la mtindi limejaa vichwa laini nilivyochambua mwenyewe, kiti changu kipo mahali pake. Niliiona Jumamosi yangu imekaa pale mezani. Niliona kochi pia, na watu wa keki.

Neno "nzuri" ni fupi sana. Na angeniamini. Hilo ndilo lililonitisha, kuliko harufu. Shuleni hakuna anayesubiri nimalize sentensi, na hapa kulikuwa na mtu mzima ambaye angeweka jicho lake nyuma ya ile bunduki kwa neno langu moja.

"Mbaya, Baba."

"Kama maziwa?"

"Mbaya kuliko maziwa."

"Weye una uhakika? Labda ni mafua."

"Sina mafua."

Akauleta mkebe usoni kwake. Akafumba macho, akavuta kwa nguvu, mabega yakapanda. Akangoja. Akavuta tena. "Sisikii kitu," akasema, na alisema kama mtoto. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, yanashuka pande zote mbili za ile pua.

"Macho yako yamesikia," nikamwambia.

Akajigusa shavu, akaangalia kidole chake kilicholowa. Akakirudisha kile kifuniko polepole, hakukikandamiza. Akaibeba mikebe mmoja mmoja mpaka nyuma ya nyumba, kivulini, mbali na ukuta, na kila mmoja nikaunusa, na kila mmoja nikasema lile lile. Wa mwisho sikuhitaji hata kuinama.

Alisimama pale ameweka mikono kiunoni. Ndipo mimi nikakumbuka. "Baba, na ile iliyobaki kwake?"

Alijua. Baruti ikishachacha inaweza kujipasha joto yenyewe, na lile ni banda la bati, na majira ya joto ndiyo yalikuwa yanaanza kuwaka. Na wale wanaume wanakuja Jumapili, huenda na wao wana haraka, huenda na wao wanaona aibu kunusa.

"Nitamuambia nini?" Baba akasema. "Tumekaa kwake, tumekunywa chai yake. Sasa nipige simu niseme bwana yako ametuachia uchafu?" Akatikisa kichwa. "Nitaongea na watu wa klabu. Siku ya kwanza."

"Jumatatu?"

"Jumatatu."

Jumatatu, Jumapili ingekuwa imeshapita. Mimi simu ya Kiingereza huwa siipokei. Hata ya daktari wa meno naiacha ilie mpaka ichoke. Lakini nilichukua ile ya Baba mezani, namba ya mjane, aliyompigia asubuhi kuuliza njia, ilikuwa ya juu kabisa, nikabonyeza kabla sentensi haijajipanga kichwani, kwa sababu ikianza kujipanga nisingepiga. Baba alinitazama kama nimepanda juu ya bati.

Akapokea. Nikamwambia mimi ni yule msichana wa sukari. Nikamwambia baruti imekufa. Siyo neno sahihi, najua, lakini ndilo lililokuja. Nikamwambia asiwape watu, afungue mlango wa banda, asiingie kuigusa, awaite watu wa klabu leo, wanajua la kufanya. Nikamwambia nimeinusa mimi mwenyewe.

Kisha akasema, "Hiyo harufu kali, ya siki?"

"Ndiyo."

"Mpenzi, banda limekuwa linanuka hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa namwambia mume wangu. Alikuwa anasema hasikii kitu." Nikamsikia anavuta pumzi. "Mimi nilidhani ndivyo inavyonuka."

Akashukuru, akakata. Watu wa klabu walikwenda siku ile ile, wakayatoa yale maboksi. Hakutupigia tena, na sisi hatukupiga. Mchele wetu sijui aliupika au uko kabatini.

Ile ya kwetu tuliimwaga kwenye majani nyuma ya nyumba. Ndivyo wanavyofanya: unaitawanya nyembamba sana, inageuka mbolea. Baba alitembea na mkebe mkononi anarusha kidogo kidogo, kama mtu anayelisha kuku, na mimi nyuma yake na mpira wa maji. Alipomaliza alisuuza mikebe, akaipanga kifudifudi ukutani, akanawa mpaka viwikoni, akaingia ndani. Televisheni ikawaka. Nilibaki na mpira mpaka majani yakawa yanaelea. Shuleni wiki ile sikuongea na mtu yeyote, na sidhani kama kuna aliyegundua, kwa sababu hakukuwa na tofauti.

Jumamosi ilipofika sikutoka kitandani. Nililala nasikiliza, nangoja sauti ya wale wa keki.

Nikasikia gesi.

Ina sauti yake, inapuliza kwanza halafu inashika. Nikavaa sweta juu ya nguo za kulalia, nikatoka miguu mitupu mpaka mlango wa gereji. Ulikuwa wazi mpaka juu. Mezani hakukuwa na baruti wala maganda. Baba alikuwa amesimama mbele ya chungu, kopo la mtindi mkononi, anadondoshea vichwa vya risasi ndani, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa vile laini. Vile vya wiki zote. Vinazama upande ndani ya risasi iliyoyeyuka, vinakwisha.

"Hodi," nikasema. Nilishazoea kupiga hodi hata kwetu.

Hakugeuka. Akakisukuma kile kiti kwa mguu kuelekea kwangu.

"Shikamoo Baba."

"Marah..." akasema, akakwama, akakohoa. "Eeh. Kaa."

Nikakaa. Nikatazama ndani ya chungu. "Baba, hizo zilikuwa nzuri."

"Hapana. Zilikuwa na mikunjo."

Nilizichambua mimi, kila moja, nikiigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Haikuwepo hata moja yenye mikunjo. Baba alikuwa anakoroga kwa upawa, macho kwenye chungu, na sikio lake lilikuwa upande wangu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Nyingine zilikuwa nayo."

Akachota, akamimina, akagonga, akafungua. Kikaangukia kwenye taulo. Tss. Nikakiacha kipoe, nikakiokota, nikakigeuza kwenye mwanga.

"Mama yako," Baba akasema, anachota tena, "siku ya kwanza alinipikia, aliunguza."